Kabla ya kisu cha kwanza, uliza habari za cha pili

Mada ya leo najua itanigombanisha na kambi mbili kwa mpigo: wale wanaosema kugusa umbo alilokupa Mungu ni dhambi, na wale wanaosema mwili wangu, pesa yangu, wewe yanakuhusu nini. Mnivumilie wote.

Siku hizi ukifungua simu, habari za upasuaji wa urembo zimejaa tele. Tumbo limepunguzwa, makalio yameongezwa, pua imechongwa, matiti yameinuliwa. Picha ya kabla huku, picha ya baada kule. Kitu kimoja hukioni: picha ya mwaka mmoja na nusu baadaye, mtu yuleyule akirudi kitandani kwa daktari ili kurekebishwa kile kilichorekebishwa. Upasuaji huo wa marudio upo, na kuna madaktari ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni kupokea watu walioharibiwa au wasioridhika na kazi ya wenzao. Hoja yangu leo ni kwamba anayetaka kufanyiwa wa kwanza anatakiwa aujue wa pili mapema, maana ndio mgumu, ndio wa gharama kubwa, na mara nyingine hauwezekani kabisa.

Kwanza niondoe jambo dogo njiani. Kuna watu hadi leo wanaamini upasuaji wa plastiki ni kutiwa plastiki mwilini, kama ndoo. Hapana jamani. Neno limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga. Lakini mfinyanzi chungu kikimharibikia kabla ya kuchomwa, anaubonda udongo na kuanza upya. Daktari wa upasuaji hana bahati hiyo.

Pia si kila kurudia ni kosa. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura anaweza kufungwa mdomo akiwa mchanga, kisha akahitaji upasuaji mwingine wa kaakaa, na mwingine tena wa pua au mdomo akikua. Mtoto aliyemwagikiwa na maji ya moto jikoni akapona na kovu kwenye kiwiko atakua, lakini kovu halitakua naye. Litamvuta mkono, na itabidi lifunguliwe zaidi ya mara moja. Hata Harold Gillies, yule daktari aliyekuwa akitengeneza nyuso za askari wa Vita Kuu ya Kwanza kule Sidcup, Uingereza, alimfanyia mtu mmoja upasuaji kwa awamu nyingi. Huko ni kurudia kulikopangwa tangu siku ya kwanza, mgonjwa akijua. Mimi nazungumzia kurudia kunakokuja kama jambazi usiku.

Chukua pua. Vitabu vya fani hutaja kwamba kati ya asilimia 5 na 15 ya waliofanyiwa upasuaji wa pua kwa ajili ya umbo hurudi kufanyiwa tena. Wengine wamebaki na kasoro ya kweli, wengine hawapumui vizuri, wengine hawakupata walichokuwa wakikiota. Daktari wa kwanza alipofungua pua hiyo alikuta kila kitu mahali pake: ngozi juu, gegedu na mfupa chini, mishipa ya damu ikipita ilikozoea. Wa pili anakuta makovu yameigandisha ngozi kwenye gegedu, baadhi ya mishipa ya damu haipo tena, na alama anazozitegemea kujua yuko wapi zimehamishwa na mtu ambaye pengine hajawahi hata kuonana naye. Halafu kuna suala la vifaa. Kurekebisha pua kunahitaji gegedu, na gegedu la kwanza linalochukuliwa ni lile la ukuta unaogawa matundu ya pua. Kama limeshatumika, daktari atachukua la sikio. Kama halitoshi, atapasua kifua achukue la ubavu. Kwa hiyo mtu aliyeingia awali kwa ajili ya kupunguza pua kidogo tu, anaamka safari ya pili akiwa na kidonda usoni na kingine ubavuni.

Na bado haruhusiwi kuharakisha. Pua huvimba, na uvimbe wake hauishi kwa wiki mbili kama wengi wanavyodhani. Madaktari huomba usubiri takribani mwaka mzima kabla ya kugusa tena, na kwa wenye ngozi nene ya pua, ambao miongoni mwetu ni wengi, uvimbe huchelewa zaidi kuisha. Mwaka mzima unajitazama kwenye kioo na pua usiyoitaka! Hapo ndipo watu hushindwa kuvumilia, wakamtafuta daktari mwingine asiye na subira kama wao. Sote tunamkumbuka Michael Jackson. Kwa maelezo yake mwenyewe alifanyiwa pua mara 2, dunia ikabisha, na mimi siwezi kumwamulia marehemu. Ila uso ule ulinifundisha nikiwa mdogo kwamba pua moja inaweza kuwa safari isiyo na kituo.

Matiti nayo yana hesabu yake ambayo dalali hatakwambia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema wazi kwamba mifuko ya silikoni au ya maji ya chumvi inayowekwa kwenye matiti si kitu cha maisha. Takwimu waliyoitoa mwaka 2011 ilikuwa kwamba hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliowekewa kwa ajili ya kuongeza ukubwa huondolewa mifuko hiyo ndani ya miaka 8 hadi 10. Mwili hujenga ganda la kovu kuuzunguka mfuko; ganda likikaza, titi linakuwa gumu na linauma. Maana yake msichana wa miaka 24 anayewekewa leo hajanunua upasuaji mmoja. Amenunua mlolongo. Je, ameambiwa hivyo wakati wa kulipa?

Sasa makalio, ambako ndiko kelele zote ziliko. Wakubwa wenzangu mnakumbuka enzi zile mtaani tulipokuwa tukisema fulani ana "Mchina", tukicheka dawa za kupaka na kumeza. Mchina wa leo ni mafuta yanayonyonywa tumboni na kuchomwa kwenye makalio, ule upasuaji unaoitwa BBL. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilitoa tahadhari ya pamoja kwamba vifo vyake huenda vikafika 1 katika kila 3,000, kiwango kikubwa kuliko upasuaji mwingine wowote wa urembo. Sababu inajulikana: sindano ikizama hadi kwenye msuli, mafuta huweza kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, yakapanda hadi kwenye moyo na mapafu. Mwaka 2019 Florida, ambayo ni kama soko kuu la upasuaji huo kule Marekani, ilipiga marufuku kuchoma mafuta ndani ya msuli. Juni 2022 bodi ya madaktari ya jimbo hilo ikaongeza kikomo kwamba daktari mmoja asifanye zaidi ya watu 3 kwa siku. Tafakari hapo. Imebidi sheria iwekwe ili binadamu wasifanyiwe kazi kama kuku wa kuchinjwa kwa foleni.

Lakini mafuta yako mwenyewe angalau ni yako. Mbaya zaidi ni sindano za silikoni ya maji na jeli za aina hiyo, zinazochomwa vyumbani na watu wasio madaktari. Mfuko wa silikoni unaweza kutolewa mzima. Silikoni iliyomwagwa ndani ya nyama husambaa, ikaingiliana na misuli, na hakuna kisu kitakachoitoa yote bila kuondoka na nyama yenyewe. China walikuwa na jeli yao iliyotumika sana kuongeza matiti, na mwaka 2006 serikali yao ikaipiga marufuku baada ya malalamiko ya maumivu, uvimbe na jeli kuhama mahali ilipowekwa. Kwa waliochomwa vitu hivyo, neno "kurekebisha" ni la faraja tu. Wanachoweza kufanyiwa ni kupunguziwa madhara.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi zaidi kuliko wote, na ambalo huwezi kuliona kwenye matangazo ya wazungu. Keloidi. Mnazijua: yale makovu yanayovimba na kupanuka kuliko kidonda chenyewe, kwenye ncha ya sikio lililotobolewa, kifuani, begani, kwenye taya kwa wanaonyoa ndevu. Hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi hufuata ukoo. Hapa ndipo wazo la kurudia upasuaji linapopinduka miguu juu. Keloidi ukiikata tu bila tiba nyingine, ina uwezekano mkubwa wa kurudi, na mara nyingi hurudi kubwa kuliko ile ya kwanza. Unakata kovu, unapata kovu kubwa zaidi. Unakata tena, hali kadhalika. Ndiyo maana daktari makini huanza na sindano za dawa ndani ya kovu, au akikata hufuatisha sindano, kubana sehemu hiyo, hata mionzi. Kwa hiyo kama wewe, mama yako au kaka yako ana keloidi hata moja ndogo sikioni, hiyo ni habari ya kumwambia daktari kabla hajagusa tumbo lako, kwa sababu mshono wa kupunguza tumbo hupita kutoka nyonga hadi nyonga. Na daktari asiyekuuliza swali hilo, mtu mweusi kama wewe, mimi ningeinuka kwenye kiti nikaaga.

Kuna dada mmoja ninayemfahamu, jina lake nalihifadhi kwa ombi lake. Alipunguzwa tumbo nje ya nchi kupitia dalali. Nasema dalali kwa makusudi, ingawa mwenyewe alijiita mratibu. Alilipia tiketi, hoteli na upasuaji kwa pamoja, akarudi Dar siku ya tisa. Wiki ya tatu mshono ukaachia upande mmoja na kuanza kutoa usaha. Akamwandikia dalali, akajibiwa atume picha. Akatuma. Akaambiwa ni kawaida, apake asali. Baada ya hapo ujumbe ukawa unasomwa tu, haujibiwi.

Alipofika hospitali hapa nyumbani, daktari alimuuliza maswali ambayo yeye hakuwa na majibu yake. Misuli ya tumbo ilishonwa au haikushonwa? Kwa uzi gani? Ulipewa dawa gani? Kuna kitu chochote kimeachwa ndani? Akatoa bahasha yake nzuri yenye nembo ya dhahabu. Ndani yake kulikuwa na risiti ya hoteli, kadi ya kumpongeza, na karatasi moja ya lugha asiyoijua yenye sahihi yake mwenyewe chini. Ripoti ya upasuaji haikuwemo. Ilichukua miezi mitano kidonda kufunga, na kila siku ya kusafishwa alilipia mfukoni. Kovu lililobaki linamnyima raha, lakini daktari amemwambia hawezi kulirekebisha hadi mwaka upite. Amekaa anasubiri. Amelipa mara mbili na bado hajafika alikotaka.

Ningeweza kusema ni bahati mbaya ya mtu mmoja, lakini sivyo. Wamarekani, ambao huvuka bahari kwenda Jamhuri ya Dominika kutafuta bei nafuu, walihesabu vifo vya raia wao 93 baada ya upasuaji wa urembo huko kati ya 2009 na 2022. Hao ni waliokufa. Waliorudi na vidonda hawamo. Miongoni mwa matatizo wanayorudi nayo kuna maambukizi ya bakteria wa ukoo wa wale wa kifua kikuu, ambao hujitokeza wiki au hata miezi baadaye na hawasikii dawa za kawaida za vidonda. Daktari wa nyumbani asipojua ulikotoka, atakupa dawa zisizo zake mpaka uchoke.

Na ukubwa wa mtu haumkingi. Stella Obasanjo, mke wa aliyekuwa Rais wa Nigeria, alifariki Oktoba 2005 baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki huko Marbella, Hispania, na mwaka 2009 mahakama ikamtia daktari hatiani. Wala nisionekane nasema nje ni kubaya na nyumbani ni salama. Oktoba 2024 mwanamke mmoja Nairobi alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina hiyo katika kliniki ya mjini humo, na mamlaka zikaifunga.

Kwa hiyo mtu afanye nini? Kukaa nyumbani na kuridhika, atasema shehe na mchungaji. Mimi sisemi hivyo. Wamakonde walichanja nyuso na kuvaa ndonya, Wamasai wametanua masikio vizazi na vizazi; kuubadili mwili hatukufundishwa na mitandao. Ninachosema ni kwamba bei ya upasuaji ihesabiwe na ule wa pili ndani yake. Kama pesa uliyonayo inatosha upasuaji, tiketi na hoteli tu, basi hujafika bei. Ongeza ya kukaa huko zaidi ukipata tatizo, maana wenzetu wa huduma ya afya ya Uingereza wanashauri mtu asipande ndege mapema, siku 5 hadi 10 kutegemea amefanyiwa nini, kwa hofu ya damu kuganda. Ongeza na ya kurudi kwa daktari yuleyule.

Hapo kwenye "daktari yuleyule" ndipo penye kiini. Swali la kwanza kumuuliza si bei wala picha. Ni hili: likiharibika, nani ananipokea, wapi, na kwa gharama ya nani? Dalali hana jibu. Daktari wa kweli analo, na hakasiriki ukimuuliza. Kwa sababu hiyo mimi nilifurahi Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa huduma hizi kule Mloganzila mwaka 2023, ingawa kuna waliolalamika kwamba ni anasa kwenye hospitali ya umma. Anasa gani? Waliokuwa wanaharibiwa kwingine walikuwa wanaletwa hospitali za umma vilevile, ila wakiwa na usaha.

Muulize pia amefanya wangapi kama wewe, na wangapi walirudi. Anayesema hajawahi kurudiwa na mgonjwa hata mmoja, ama ameanza kazi juzi ama anakudanganya. Jina lake litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama ni Kenya, kwenye baraza lao la madaktari na madaktari wa meno. Ukikuta ana leseni ya udaktari lakini hana ubingwa wa upasuaji wa plastiki, ujue bado hujampata. Mwambie ukweli wako wote: shisha unayovuta, sukari, seli mundu, uzazi uliopita. Sigara na shisha huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyovutwa ikashonwa bila damu ya kutosha huoza kingo. Akikuambia hapana, usimkimbie. Kuna watu ambao kasoro iko kwenye jicho la ndani, wataona ubaya hata baada ya upasuaji wa tano, na daktari anayewaambia waonane kwanza na mtaalamu wa afya ya akili anawasaidia kuliko anayechukua pesa yao.

Na sisi tunaotazama tuna kosa letu. Dada akirudi na tumbo lililooza, tunacheka. Tunasambaza picha, tunaandika "alitaka shepu". Matokeo yake anajificha ndani na homa wiki nzima kwa kuona aibu kwenda hospitali, na kidonda ambacho kingesafishwa siku ya pili kinafika siku ya kumi. Nimeyaona maoni hayo kwenye kurasa za magazeti yetu wenyewe, chini ya habari tulizozipa vichwa vya kejeli ili zisomwe.

Kwa wizara na mabaraza nina ombi moja dogo. Madalali hawa wajulikane. Anayepeleka watu kuchanjwa nje ya nchi kwa malipo asajiliwe, awe na anuani, na alazimike kumpa kila mteja ripoti kamili ya upasuaji kwa lugha ambayo daktari wa hapa anaielewa. Ile kampuni ya Ufaransa ya PIP ilipogundulika mwaka 2010 inajaza mifuko ya matiti silikoni ya viwandani, na baadaye, Desemba 2011, serikali yao ikawashauri wanawake wapatao 30,000 wakaondolewe, mwenye kadi ya kifaa chake alijua siku hiyohiyo kama yumo au hayumo. Asiye na kadi alibaki kukisia kilichomo kifuani mwake.

Hadi hapo wizara itakapoamka, ripoti hiyo idai mwenyewe kabla hujatoka kliniki: kilichofanyika, kilichowekwa, kilichotolewa, dawa ulizopewa, jina la daktari na namba ya kifaa kama kipo. Ipige picha, mtumie ndugu mmoja unayemwamini, mwambie na jina la hospitali ya nyumbani utakayokimbilia ukipata homa usiku.